Kitabu zuri, gari zuri: R nayo ina ngeli zake

 

Baada ya kile kipindi chetu cha ngeli, ujumbe umemiminika. Wengi mmeandika jambo lilelile kwa maneno tofauti: nikiongea Kiswahili nyumbani nachekwa, nikinyamaza naambiwa nimesahau kwetu. Katikati ya ujumbe huo kulikuwa na mmoja wa dada anayesomea takwimu chuoni. Yeye hakuuliza habari za ngeli kabisa. Aliuliza hivi: "Kwa nini kwenye R nikiandika summary napata kitu tofauti kila mara? Nimeandika neno lilelile!"

Dada, swali lako na la hao wanaochekwa ni swali moja. Leo nayajibu yote mawili pamoja. Kama hujawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu usikimbie, hesabu si nyingi. Ila chukua chai kwanza.

Neno moja, majibu matatu

R ni lugha ya kompyuta ya kufanyia takwimu. Ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman kwenye Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, miaka ya mwanzo ya 1990, na toleo la 1.0.0 likatoka tarehe 29 Februari 2000. Ni ya bure. Mimi naitumia kazini karibu kila siku kuchambua data za afya, na wengi wenu mnaosoma saikolojia, uchumi au biolojia mtakutana nayo mkitaka msitake.

Ukiisakinisha R, inakuja na majedwali machache ya kujifunzia. Moja linaitwa iris: maua 150 ya aina tatu, 50 kila aina, yaliyopimwa urefu na upana wa sehemu zake. Jingine linaitwa cars: magari ya miaka ya 1920, kasi yake, na umbali ambao gari lilitembea baada ya kushika breki.

Sasa andika:

    summary(iris)

Kwa zile safu nne za vipimo utapata namba sita sita: ndogo kuliko zote, robo ya kwanza, ya katikati, wastani, robo ya tatu, na kubwa kuliko zote. Ukifika safu ya tano, ile ya aina ya ua, hakuna wastani. Unapata hesabu tu: 50, 50, 50. Na kweli, wastani wa majina ya maua ungekuwa nini?

Kisha andika:

    m <- lm(dist ~ speed, data = cars)
    summary(m)

Hapa inatoka karatasi nzima: mteremko wa mstari 3.932, kosa sanifu, nyota za umuhimu, R mraba 0.6511. Robo ya kwanza na ya tatu zinazoonekana humo ni za mabaki ya modeli tu, si za safu zenyewe.

Neno ni moja, summary. Lilijuaje?

Andika summary peke yake, bila mabano, ubonyeze Enter. R itakuonyesha kilichomo ndani yake. Watu wengi wanatarajia kurasa na kurasa za hesabu. Kilichomo ni mstari mmoja:

    UseMethod("summary")

Basi, hamna kingine. Hamna hesabu yoyote humo. Neno hili kazi yake ni kukiangalia kitu ulichompa, kuuliza "wewe ni wa ngeli gani?", halafu kukipeleka kwa fundi anayehusika. Ikiwa kitu ni jedwali, kinaenda kwa summary.data.frame. Ikiwa ni mstari wa regresheni, kinaenda kwa summary.lm. Ikiwa ni majina ya makundi, kinaenda kwa summary.factor. Na fundi wa jedwali naye anapita safu moja moja, kila safu anaiita summary upya. Ndiyo maana ndani ya jedwali lilelile vipimo vilipata wastani na majina yakapata hesabu.

Neno kama hili wanaliita fanksheni ya jumla. Mafundi wake, wale wenye nukta katikati ya jina, wanaitwa methodi. Kile anachoulizwa kitu, wenyewe wanaita klasi. Mimi nitaita ngeli, na si kwa mzaha.

Hebu tuandike -zuri

Wewe uliyekulia Leicester au Muscat au Minneapolis, ulishawahi kukaa ukatafakari kwamba neno "zuri" peke yake halikamiliki? Kuna mtu mzuri, kitabu kizuri, vitabu vizuri, nyumba nzuri, mti mzuri, magari mazuri, mahali pazuri, kuimba kuzuri. Ni sifa moja, lakini kabla haijatoka mdomoni inaiuliza nomino: wewe ni wa ngeli gani? Jibu ndilo linaloamua itoke vipi.

Tuifanye kwa R. Kwanza neno la jumla, halafu mafundi wake:

    zuri <- function(n) UseMethod("zuri")

    zuri.a_wa    <- function(n) paste(n, "mzuri")
    zuri.ki_vi   <- function(n) paste(n, "kizuri")
    zuri.i_zi    <- function(n) paste(n, "nzuri")
    zuri.default <- function(n) paste(n, "zuri")

Sasa tuumbe nomino, kila moja na ngeli yake imebandikwa juu kama lebo:

    kitabu  <- structure("kitabu",  class = "ki_vi")
    mwalimu <- structure("mwalimu", class = "a_wa")
    nyumba  <- structure("nyumba",  class = "i_zi")

Ukiandika zuri(kitabu) unapata "kitabu kizuri". Ukiandika zuri(mwalimu) unapata "mwalimu mzuri". Zuri(nyumba), kwa herufi ndogo bila shaka, inakupa "nyumba nzuri". Hukumwambia popote "kama ni kitabu weka ki". Ngeli imeshajulikana, fundi ameitwa, kazi imekwisha.

Angalieni yule fundi wa mwisho, zuri.default. Huyu ni wa kushika nafasi. Anaitwa pale ambapo kitu hakina ngeli inayojulikana, naye anafanya kazi rahisi kuliko zote: hapachiki kitu chochote mbele. Tumpe neno tupu, lisilo na lebo:

    zuri("gari")

Linatoka "gari zuri". Sahihi kabisa! Mwalimu wa Kiswahili angekupa tiki. Lakini imekuwa sahihi kwa bahati tu, kwa sababu gari ni la ngeli ya LI-YA, na ngeli hiyo katika umoja haidai kiambishi kwenye -zuri. Tumpe lingine:

    zuri("kitabu")

Linatoka "kitabu zuri".

Kuna mtu hapo ameshtuka, kwa sababu hiyo ndiyo sentensi aliyochekewa mwaka jana kwenye harusi. Nitairudia huko chini. Kwa sasa ona tu kwamba kompyuta haikulalamika. Haikutoa onyo. Ilimpata fundi wa kushika nafasi, akafanya alichojua, ikaendelea na safari. Kama tungemfuta zuri.default, R ingesimama papo hapo na kusema haina methodi ya kushughulikia kitu cha aina hiyo. Kelele, ndiyo, lakini ungejua.

Kifaru ana ngeli mbili

Hapa ndipo panaponoga. Kifaru kinaanza na ki-, kama kitabu. Lakini hakuna anayesema "kifaru kikubwa kimekuja" isipokuwa anaongelea kile cha jeshi. Mnyama ni "kifaru mkubwa amekuja". Kiongozi ni vilevile, na kijana, na kipofu, na chura. Umbo lao ni la KI-VI lakini wana uhai, na uhai unashinda umbo.

R inaruhusu kitu kiwe na ngeli zaidi ya moja, zikiwa zimepangwa kwa foleni:

    kifaru <- structure("kifaru", class = c("a_wa", "ki_vi"))

Ukiita zuri(kifaru), inatafutwa kwanza zuri.a_wa. Imepatikana? Basi, "kifaru mzuri". Foleni ikigeuzwa, ki_vi ikae mbele, utapata "kifaru kizuri", yaani gari la vita. Mpangilio wa foleni ndio unaobeba maana.

Sasa tuje kwenye kile kinachowatoa jasho hata watu waliokulia Tanga: rafiki yangu. Rafiki ni mtu, ana uhai, kwa hiyo tunasema "rafiki mzuri" na "rafiki amekuja", sawasawa na mwalimu. Lakini kwenye umiliki anabadilika: "rafiki yangu", si "rafiki wangu". Vivyo hivyo mama yangu, kaka yangu, shangazi yangu. Wengine mnaona Kiswahili kinawaonea. Hapana, foleni tu imeongezewa mtu mmoja mbele:

    angu       <- function(n) UseMethod("angu")
    angu.jamaa <- function(n) paste(n, "yangu")
    angu.a_wa  <- function(n) paste(n, "wangu")

    rafiki <- structure("rafiki", class = c("jamaa", "a_wa"))

Ita angu(rafiki). Wa kwanza kwenye foleni ni jamaa, na fundi angu.jamaa yupo, kwa hiyo "rafiki yangu". Ita zuri(rafiki). Wa kwanza ni jamaa, lakini hatukuwahi kuandika zuri.jamaa. Hakuna tatizo, inasogea kwa wa pili, a_wa, na inatoka "rafiki mzuri". Ngeli ya jamaa ina fundi mmoja tu kwa kazi moja tu. Mambo mengine yote inarithi kwa ngeli iliyo nyuma yake.

Kurithi huku ndiko kunakofanya R ifanye kazi kila siku. Ukitengeneza modeli ya glm, ile ya kutabiri ndiyo au hapana kwa mfano, ukiiuliza ngeli yake itakujibu mbili: "glm" halafu "lm". Ukiita summary, kuna summary.glm, inatumika hiyo. Ukiita plot, kwenye pakeji ya stats hakuna plot.glm, kwa hiyo inasogea nyuma na kutumia plot.lm. Aliyeandika glm hakulazimika kuandika kila kitu upya. Aliandika palipotofautiana tu.

Na fundi akitaka kufanya sehemu yake kisha amwachie wa nyuma yake aendelee, anaita NextMethod(). Kama mtoto mkubwa anayepokea mgeni mlangoni, anamkaribisha, kisha anasema "baba yuko ndani, pita".

Kazi ni ya kitenzi

Wale mliosoma Python au Java mmeshaona kitu cha ajabu. Kule, methodi inakaa ndani ya ngeli. Unaandika jina la kitu, nukta, halafu kazi: unakiambia kitu "jifupishe". Kwenye R hizi methodi ni mali ya kitenzi. Unasema "fupisha", halafu unataja cha kufupishwa.

Tofauti inaonekana ndogo lakini ina faida kubwa. Ukibuni ngeli yako leo, iite mavuno au kikao au chochote, unaandika print.mavuno na summary.mavuno na plot.mavuno, basi. Mtumiaji hahitaji kujifunza maneno mapya. Maneno anayo tayari. Ndiyo maana R ina maelfu ya pakeji zilizoandikwa na watu wasiojuana, na bado summary inafanya kazi kwenye nyingi mno.

Ukitaka kuwaona mafundi wote wa neno moja, andika methods(summary). Ukitaka kuona kazi zote ambazo ngeli fulani ina fundi wake, andika methods(class = "lm"). Majina yenye nyota pembeni ni yale yaliyofichwa ndani ya pakeji. Yanafanya kazi, ila huwezi kuyaita moja kwa moja kwa jina.

Tahadhari moja. Kwa sababu ngeli na kitenzi vinaunganishwa kwa nukta tu, jina linaweza kukudanganya. Kuna t(), inayopindua jedwali ili mistari iwe safu, nayo ni fanksheni ya jumla. Halafu kuna t.test(), kile kipimo cha takwimu kinachojulikana sana. Ukisoma haraka utadhani t.test ni methodi ya t kwa ngeli ya "test". Sivyo. Hazina undugu wowote.

Mfumo huu wa nukta unaitwa S3, na jina hilo ni la urithi. Kabla ya R kulikuwa na lugha ya S, iliyoanza Bell Labs, Marekani, mwaka 1976, na John Chambers ndiye aliyekuwa kiongozi wake. Toleo la tatu la S ndilo lililoleta mtindo huu. Toleo la nne likaleta mtindo mkali zaidi, na ndio huo tunaouona sasa hivi.

Shikamoo inahitaji watu wawili

S3 inamwangalia mmoja tu, yule wa kwanza kwenye mabano. Kwa -zuri inatosha. Lakini kuna mambo ambayo huwezi kuyaamua kwa kumwangalia mtu mmoja.

Salamu, kwa mfano. Ukimwona mtu wa miaka arobaini anaingia, atasalimiwa vipi? Huwezi kujibu mpaka ujue nani anasalimia. Mimi nitasema shikamoo. Bibi yangu atasema hujambo. Rafiki yake watakaa wanaulizana habari mpaka chai ipoe. Jibu halimo ndani ya msalimiaji wala ndani ya msalimiwa. Limo kati yao.

S4 inaweza kuwaangalia wote wawili:

    setClass("Mtu", representation(jina = "character"))
    setClass("Mzee",   contains = "Mtu")
    setClass("Kijana", contains = "Mtu")

    setGeneric("salimia",
      function(a, b) standardGeneric("salimia"))

    setMethod("salimia", signature("Kijana", "Mzee"),
      function(a, b) "Shikamoo")
    setMethod("salimia", signature("Mzee", "Kijana"),
      function(a, b) "Hujambo")
    setMethod("salimia", signature("Mtu", "Mtu"),
      function(a, b) "Habari yako")

Kijana akikutana na mzee, shikamoo. Mzee akikutana na kijana, hujambo. Vijana wawili wakikutana? Hatukuandika methodi yao, lakini kijana ni mtu, kwa hiyo inaangukia ile ya Mtu na Mtu: habari yako. Wanaotaka "mambo vipi" waongeze mistari yao wenyewe.

S4 ina ukali mwingine pia. Kwenye S3, lebo ya ngeli unabandika tu na hakuna anayekagua. Unaweza kuchukua neno "kitabu" ukalibandika "lm" na R haitakuuliza kitu, mpaka baadaye mambo yakuharibikie. Kwenye S4, tumesema jina lazima liwe maandishi. Ukijaribu new("Kijana", jina = 25) unakataliwa mlangoni. Ndiyo maana mradi wa Bioconductor, unaotengeneza pakeji za kuchambua jeni, umeegemea sana kwenye S4: data zao ni nzito na zina sehemu nyingi zinazopaswa kukubaliana.

Ipo mitindo mingine pia, R6 na S7, lakini kwa mwanzo S3 inakutosha. Karibu kila kitu utakachokigusa mwaka wa kwanza ni S3.

Pale lebo inapodondoka

Sasa kwa nini nimekukalisha chini kwa jambo hili? Kwa sababu hatari kubwa si pale R inapokataa. Ni pale lebo ya ngeli inapodondoka njiani na R ikaendelea kama kawaida.

Chukua tarehe. Ndani ya R, tarehe ni namba tu: idadi ya siku tangu 1 Januari 1970. Tarehe 1 Januari 2024 ni 19723. Unaiona kama tarehe kwa sababu ina lebo ya "Date" na kuna fundi print.Date. Sasa ipitishe kwenye ifelse(), fanksheni ambayo watu wanaitumia kutwa. Hiyo inaivua lebo. Unabaki na 19723 mkononi. Hapo angalau utashtuka, maana hakuna mgonjwa mwenye miadi tarehe 19723.

Umri ni mbaya zaidi. Tuseme una jedwali la wagonjwa, safu ya umri, miaka 18 mpaka 90. Mahali pamoja karani ameandika "haijulikani". Neno hilo moja linaifanya safu nzima isomwe kama maandishi. Na kabla ya R 4.0.0, iliyotoka mwaka 2020, read.csv ilikuwa inageuza maandishi kuwa fakta bila kukuuliza. Fakta ni makundi: ndani yake mna namba za foleni, 1, 2, 3, na majina yamebandikwa juu.

Wewe unataka namba, unaandika as.numeric(umri). Hakuna methodi ya fakta kwa neno hilo. Inaangukia njia ya kawaida, inavua majina, inakupa namba za foleni. Kama kila umri kuanzia 18 mpaka 90 umo ndani ya jedwali, basi 18 inakuwa 1, 19 inakuwa 2, na bibi wa miaka 65 anakuwa wa miaka 48. Kila mtu amepunguzwa miaka 17. Hakuna kosa lililoonyeshwa, hakuna onyo, na wastani unaotoka unaonekana wa kawaida kabisa. Mtu anaupeleka kwenye ripoti. Mwingine anapanga huduma za wazee kwa kuusoma.

Dawa yake ni fupi: as.numeric(as.character(umri)). Neno as.character lina fundi wa fakta, linarudisha majina kwanza, halafu ndipo yanageuzwa namba. Pale penye "haijulikani" unapata NA pamoja na onyo. Hilo onyo lipende. Na kabla ya kufanya chochote na data uliyopewa, uliza class() ya kila safu. Nusu dakika tu.

Turudi kwenye harusi

"Kitabu zuri." Tumeshaona lilivyotoka: neno halikuwa na lebo, likaangukia kwa fundi wa kushika nafasi.

Wengi wetu tuliozaliwa nje tuna sifa na vitenzi vya kutosha. Tunajua mzuri, kizuri, nzuri, zuri, tumeshayasikia yote. Kinachotupungukia ni lebo kwenye nomino. Tumejifunza "kitabu", "gari", "nyumba" kama maneno matupu, kila moja na tafsiri yake, basi. Kwa hiyo ukifika wakati wa kusema tunaangukia kwenye ile ya kawaida, na mara nyingine inakuwa sahihi kwa bahati, kama gari zuri, hivyo hata hatujui lini tunapatia na lini tunakosea.

Usikariri majedwali ya viambishi, mafundi unao. Bandika lebo. Ukijifunza nomino mpya, ijifunze na mwenzake: kitabu hiki, gari hili, nyumba hii, mti huu, kifaru huyu. Hilo neno dogo la kuonyesha ndilo ngeli yenyewe. Ukilibeba pamoja na nomino, "kizuri" na "changu" na "kimeanguka" vitajipanga vyenyewe.

Na nyie binamu na mashangazi mnaotusoma. Kucheka si onyo, maana hakumwambii mtu lipi limekosewa. Kunyamaza kwa heshima nako ni kama ile as.numeric: mtoto anaondoka na namba mbaya akiamini ni nzuri. Mwambieni "kitabu kizuri", kwa sauti ya kawaida, muendelee na stori. Inatosha.

Mjue pia kwamba foleni hazifanani kila mahali. Nairobi utasikia "kitu yangu". Dar yenyewe watu wanasema "gari yangu" mchana kweupe. Lubumbashi upatanisho umepunguzwa sana kuliko wa pwani. Watu hao hawajapotea, wanaelewana vizuri tu. Ila kwenye mtihani, kwenye kazi ya ukalimani, au siku ya kumwandikia babu barua, ni vizuri ukajua fundi gani unamwita.

Kazi ya nyumbani. Mnaoandika R: ongezeni zuri.li_ya, zuri.u_i na zuri.pa, kisha mtengeneze refu ya jumla. Angalieni I-ZI, maana "nyumba refu" si Kiswahili. Ni ndefu, na huyo fundi atahitaji akili kidogo. Msioandika R: chagueni vitu kumi vilivyo jikoni kwenu na mviite kwa hiki, hili, hii na huu. Mkikwama kwenye ufunguo au sufuria, tuandikieni, tutayasoma kwenye kipindi kijacho.

Dada wa takwimu, natumaini umejibiwa. Ukipata nafasi, andika methods(print) uone foleni ilivyo ndefu.